Kuchagua hoteli yenye kasino Mwanza kwa mapumziko mafupi ya wawili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayopigiwa simu nayo na ndugu, wafanyakazi wenzangu na marafiki wa Dar na Dodoma wanaotaka kuja ziwani siku mbili tatu na wenzi wao, na jioni moja wakae mezani kasino. Nimeyajibu nikiwa mwenyeji wa Mwanza ninayeupenda mji huu na ninayependa watu waondoke bado wanaongea vizuri.

## Mambo ya mwanzo

Hoteli yenye kasino Mwanza ikoje? Ni kama zile za Las Vegas?

Hapana, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujalipa nauli. Hapa hakuna jengo la vyumba elfu ambalo mtu anashuka kwa lifti na kukuta ukumbi wa kamari chini. Hoteli nzuri za ufukweni kazi yake kubwa ni ziwa, bustani, bwawa na samaki. Kasino kwa kawaida ziko katikati ya mji, ndani ya jengo la hoteli au karibu yake.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hoteli ina kasino", muulize anamaanisha nini. Ni ukumbi wenye meza za ruleti na karata na wachezeshaji? Au ni mashine tano kwenye kona ya baa? Au ni kasino ya jirani, dakika kumi kwa teksi? Majibu yote matatu yanaweza kukufaa, ilimradi ujue unalipia lipi.

Basi nichague nini kwanza, hoteli au kasino?

Hoteli. Kwenye mapumziko ya usiku mbili, kasino mtakaa saa mbili, labda tatu. Saa zilizobaki ni kitanda, kifungua kinywa, kiti cha kuangalia maji, na nyinyi wawili. Chagua mahali ambapo hata kasino ikifungwa siku hiyo hamtajuta kuja. Wanaochagua meza kwanza na kitanda baadaye ndio hunipigia Jumapili wakiwa wamechoka kuliko walivyokuja.

Usiku ngapi zinatosha?

Mbili. Usiku mmoja unaliwa na safari. Zikifika tatu, usiku mmoja usiguse kasino kabisa.

Twende Mwanza, au Kisumu, Bukoba, Musoma, Entebbe?

Kwa siku mbili tatu, mtu anayetoka ndani ya Tanzania atapata nafuu Mwanza, kwa sababu ndege inatua karibu na mji na ziwa liko palepale. Kisumu ni mji wa raha, lakini kwa barabara mtavuka mpaka wa Sirari, mtabadili fedha, na siku moja nzima itaishia njiani. Entebbe vilevile ni nchi nyingine na hesabu nyingine. Bukoba na Musoma ninazipenda sana kwa utulivu. Anayetaka ziwa bila meza ya kamari aende huko na asitafute zaidi.

Msimu gani mzuri?

Juni hadi Septemba ni kukavu na usiku kuna ubaridi wa kutosha kuvaa sweta barazani. Machi hadi Mei ni masika. Novemba na Desemba mvua huwa nyingi pia. Dhoruba za ziwa hupenda kuja usiku na alfajiri, radi ikipiga juu ya maji. Kama mmoja wenu anaogopa radi, chagueni kiangazi.

Kuna jambo wasiozoea ziwa hushtuka nalo: siku fulani vijidudu vidogo vya ziwani huinuka kutoka majini kwa mamilioni, ukiviona mbali utadhani ni moshi. Haviumi. Ila vikija upande wenu hufuata taa, na asubuhi unavikuta vimelala kwenye kizingiti kama pumba. Fungeni dirisha, zimeni taa ya nje, imetosha.

## Mahali na chumba

Upande gani wa mji ni bora kwa wawili?

Capri Point, kama mfuko unaruhusu. Ni rasi yenye miamba na miti, maji yako karibu pande zote, mji uko karibu, na teksi ya kurudi usiku haizidi dakika chache. Mnaweza kutembea kwa miguu jioni mpaka mahali pa kuona jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini kama limewekwa na mkono.

Mjini kati panafaa anayetaka kushuka ngazi na kuwa kasino. Gharama yake ni kelele za magari, na ziwa utaliona kwa vipande kati ya majengo.

Upande wa Ilemela, kuelekea uwanja wa ndege, kuna hoteli zenye nafasi na ufukwe. Ukifika kwa ndege umefika, lakini kwenda kasino mjini na kurudi ni safari ya kupangiwa. Kusini, Luchelele na sehemu za Nyegezi, ni tulivu zaidi na ni mbali zaidi.

Kirumba karibu na Mwaloni nawaambia watu ukweli: ni soko kubwa la samaki na dagaa, nalipenda kwa moyo wangu wote, ila harufu yake saa kumi na moja alfajiri haiendani na mapumziko ya wapenzi.

"Chumba cha kuangalia ziwa" kinamaanisha nini hasa?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi huumia.

Miaka michache iliyopita mimi na mwenzangu tulilipia chumba cha kuangalia ziwa, nyongeza ya hela tuliyoikusanya wiki tatu. Tulipofungua pazia tukaona paa la mabati la jiko, tangi jeusi la maji, na nyuma yake, kati ya mwembe na nguzo ya umeme, kipande cha ziwa chenye upana wa kiganja. Mhudumu wa mapokezi alituonyesha kile kipande kwa kidole, akasema ndilo ziwa. Hakudanganya. Sisi ndio tuliouliza vibaya.

Tangu siku hiyo huwa naomba vitu viwili kwa WhatsApp kabla ya kulipa. Kwanza, picha iliyopigwa siku hiyohiyo mtu akiwa amesimama kando ya kitanda cha chumba chenyewe, siyo picha ya tangazo. Pili, namba ya chumba, na iandikwe kwenye uthibitisho. Hoteli nzuri haikasiriki ukiomba hivyo.

Uliza pia dirisha linaangalia wapi. Ghuba ya Mwanza iko magharibi ya mji, kwa hiyo chumba kinachoangalia magharibi kitawapa machweo, jua likizama kwenye maji karibu saa moja kasoro jioni. Lakini chumba hichohicho hupigwa jua kuanzia saa nane mchana. Bila kiyoyozi kinachofanya kazi, mtaingia kulala kwenye ukuta uliohifadhi joto la siku nzima.

Nitajuaje kama pana kelele?

Uliza maswali matatu: baa inafungwa saa ngapi, muziki wa moja kwa moja ni siku gani, na jenereta iko upande gani. Watu wengi husahau jenereta, kisha umeme ukikatika saa tano usiku wanaikuta chini ya dirisha lao. Hoteli yenye kasino ndani ina watu wanaoingia na kutoka mpaka usiku wa manane, basi omba ghorofa ya juu, mbali na lifti.

## Bei na malipo

Bei niliyotajiwa inajumuisha nini?

Usidhani. Uliza kama ni kwa chumba au kwa mtu, kama VAT imo, kama kifungua kinywa ni cha watu wawili, na kama mnaweza kuongeza mlo wa jioni. Tangu kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025, huduma za ndani ya nchi hutajwa na kulipwa kwa shilingi, kwa hiyo ukitajiwa dola, omba bei ya shilingi bila kuona haya. Mwambie pia kwamba wewe ni mkazi, maana hoteli nyingi zina bei ya mkazi na ya mgeni.

Naambiwa nitume advansi kwa simu. Ni salama?

Ni kawaida, na mara nyingi ni salama ukituma kwa lipa namba yenye jina la hoteli. Jina la mtu binafsi likitokea kwenye skrini, simama. Piga simu ya mezani ya hoteli, uliza kama wanamjua. Tuma kiasi cha usiku mmoja tu, omba risiti, na uliza watarudisha kiasi gani msipofika.

Tutaombwa cheti cha ndoa?

Hoteli za kawaida hutaka kitambulisho cha NIDA au pasipoti na kujaza kitabu cha wageni. Nyumba za kulala wageni za taasisi za dini zinaweza kuwa na utaratibu wao, basi ulizeni mapema kuliko kusimamishwa mapokezi na mabegi mkononi.

## Kasino yenyewe

Nitajuaje kasino ni halali?

Tanzania kasino husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Leseni iwe imebandikwa mahali inapoonekana. Chini ya miaka 18 haruhusiwi. Mahali pasipokuombeni kitambulisho na pasipo na leseni ukutani, ondokeni hata kama viti ni vizuri.

Tuvaeje?

Nadhifu. Malapa, kaptula na kofia vinaweza kuwarudisha mlangoni. Simu ziacheni mfukoni, kupiga picha mezani hairuhusiwi.

Twende na shilingi ngapi?

Swali hili ndilo lililonifanya nianze kuandika majibu haya.

Jibu langu ni bahasha. Mkiwa bado nyumbani, kabla ya nauli, kabla ya kuwaka kwa taa na muziki, kaeni wawili mezani. Ondoeni kwanza hela ya chumba, chakula, nauli ya kurudi na dharura. Kwenye inayobaki, kubalianeni kiasi ambacho kikipotea chote hamtakitaja tena. Kiwekeni kwenye bahasha kama noti, mgawane sawa kwa sawa. Kadi ya benki ibaki chumbani, na laini yenye M-Pesa ibaki nayo.

Najua kwa nini nasema laini ya simu. Kuna usiku niliingia na hela kidogo, ikaisha, nikatoka nje kwa wakala aliyekuwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Nikatoa elfu hamsini. Nikarudi tena kwake. Mara ya tatu yule wakala, kijana mdogo, aliniangalia usoni akauliza, "Dada, una uhakika?" Nilimjibu nina uhakika. Asubuhi mwenzangu alilipa nauli ya basi kwa hela aliyokuwa amewawekea wazazi wake, na hatukuongea mpaka Shinyanga. Sijalisahau lile swali, na leo nawauliza wengine mapema, wangali nyumbani.

Mkishinda, ushindi usirudi kwenye bahasha. Uingie mfuko mwingine.

Mchezo upi una nafuu kwa anayeanza?

Hakuna mchezo ambao kasino imeuweka ili ipate hasara. Ila hasara hazilingani, na hesabu yake si ngumu.

Chukua ruleti, mchezo wa kubahatisha namba au rangi ambayo mpira utaangukia kwenye gurudumu linalozunguka. Gurudumu lenye sifuri moja lina namba 37, kuanzia 0 hadi 36. Ukiweka kwenye namba moja ikatoka, unalipwa 35 kwa moja, wakati kwa haki ungelipwa 36. Ile moja iliyopungua ndiyo mshahara wa nyumba, yaani kasino. Ukiweka 1,000 kwenye nyekundu mara 100, umezungusha shilingi 100,000, na kwa wastani nyumba itabaki na kama 2,700. Gurudumu likiwa na sifuri mbili, namba ni 38 na malipo ni yaleyale, kwa hiyo nyumba hubaki na karibu 5,260 kwenye zungusha hiyohiyo. Basi angalia gurudumu kabla hujakaa: ukiona 0 na 00, tafuta meza nyingine.

Mashine za sloti zinaonekana za bei ndogo, na hapo ndipo zinapokula. Ukibonyeza mara kumi kwa dakika kwa shilingi 500, kwa saa moja umezungusha 300,000. Mashine ikibakiza 8 katika kila 100, ni 24,000 kwa saa, na haikupi hata nafasi ya kuzungumza na mwenzako. Mezani mchezeshaji anachanganya karata, watu wanacheka, saa inapita kwa mizunguko michache. Kwa wawili, meza ina utu zaidi.

Nyekundu ikitoka mara sita mfululizo, si nyeusi inakaribia?

Hapana. Gurudumu halikumbuki. Mara ya saba nyeusi ina nafasi ileile iliyokuwa nayo mara ya kwanza.

Na ule mtindo wa kuongeza maradufu kila ukipoteza, nauomba uuache. Anza na 2,000 upoteze mara saba, kwa maelfu: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Umeshatoa 254,000, na mara ya nane inataka 256,000 nyingine ili mwisho upate faida ya 2,000. Tena meza nyingi zina kikomo cha juu, kwa hiyo huenda usiruhusiwe hata kuiweka.

Vinywaji vya bure mezani tuvikubali?

Maji na soda, ndiyo. Pombe ngojeni mkishatoka.

Tukishinda kiasi kikubwa?

Kodi ya ushindi hukatwa, basi chukueni risiti. Msitembee na noti usiku: ombeni kulipwa kwa njia ya benki inapowezekana, au wekeni kwenye sefu ya mapokezi na mpewe karatasi yenye sahihi. Rudini kwa teksi iliyoitwa na hoteli, bodaboda iachwe kwa mchana.

## Nyinyi wawili

Mwenzangu hachezi kamari kwa sababu ya dini. Tufanyeje?

Msimvute. Kwa Mwislamu kamari ni haramu, na Wakristo wengi nao hawaitaki, na imani ya mtu siyo ya kujaribiwa kwenye likizo. Chagueni hoteli ya ufukweni isiyo na kasino ndani. Kama yeye mwenyewe ameridhia wewe uende, nenda saa moja na nusu wakati anapumzika, na rudi saa uliyoahidi. Kama hajaridhia kwa moyo, acha kabisa. Ziwa linatosha.

Tunaweza kuogelea ziwani?

Tumieni bwawa. Kando ya ziwa, hasa penye majani na maji yaliyotulia, kuna konokono wanaobeba kichocho, na baadhi ya sehemu zina mamba na viboko. Aliyeingia majini aende zahanati baadaye, apimwe na kupewa dawa ya praziquantel ikihitajika. Usiku laleni ndani ya chandarua, hata chumba kikiwa na kiyoyozi.

Mchana tufanye nini?

Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kisiwa kidogo ndani ya jiji, na boti kutoka Capri Point ni dakika chache. Hapo mwaka 1964 palianzishwa bustani ya wanyama. Leo mtaona swala pala, pimbi wakiota jua, na mijusi yenye vichwa vyekundu juu ya mawe. Panda mpaka juu ya mwamba na mtu umpendaye, kaeni kimya kidogo.

Wenye gari waende Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Ni karibu kilomita tatu juu ya maji, mahali ambapo zamani tulipanga foleni ya kivuko. Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma, upande wa Kisesa, nusu siku inatosha.

Na kuleni sato. Mzima, wa kukaanga, ugali moto, kachumbari, ndimu. Agizeni mapema, mkaangaji asiharakishwe: ngozi ikatike kwa sauti, nyama ya ndani ibaki nyeupe na yenye maji yake. Sehemu za kwenye shavu mpe mwenzako.

## Hali za pekee

Tuna mtoto mdogo na hatuna wa kumwachia.

Basi kasino msiiweke kwenye mpango, kwa sababu mtoto haingii na kumwacha chumbani peke yake haiwezekani. Kupokezana, mmoja akicheza mwingine akilea, kunaondoa maana ya kuja wawili. Chukueni hoteli yenye bustani na bwawa la kina kifupi.

Chumba tulichopewa sicho tulicholipia.

Msifungue mabegi. Rudini mapokezi na ule ujumbe wenye picha na namba ya chumba (tazama swali la chumba cha kuangalia ziwa), mwombe meneja wa zamu kwa upole. Asipobadilisha, ombeni tofauti ya bei irudishwe palepale na iandikwe. Ukilala kwanza, asubuhi huna hoja.

Bahasha imeisha na mwenzangu anataka kuendelea.

Inuka wewe kwanza. Usimsemee mbele ya watu na usimpe bahasha yako. Mwambie una njaa, au unataka kuona ziwa usiku, utoke naye nje kwenye hewa. Wengi hutulia ndani ya dakika kumi.

Ikiwa si mara ya kwanza, ikiwa anakopa, anaficha ujumbe wa simu, au anacheza ili arudishe alichopoteza jana, basi safari hii haikuwa na kosa la hoteli. Usiku ule usianze mazungumzo. Subiri asubuhi, chai ikiwa mezani na simu zote mbili zimezimwa, umuulize anadaiwa kiasi gani, kisha usikilize mpaka amalize. Mkirudi nyumbani mtafuteni mshauri nasaha hospitalini au mtu mzima mnayemwamini wote wawili, na hela za nyumba zikae kwako kwa muda, kwa makubaliano yake mwenyewe.